Kuku wako wana minyoo? Kabla ya dawa, fikiria yai la mtoto

Katika nyumba nyingi za Shinyanga na Geita, kuku ni akiba ya mama. Ng'ombe ana wenyewe, na hauzwi mpaka watu wakae kikao. Kuku hahitaji kikao. Mtoto akiamka na homa, jogoo anapelekwa sokoni asubuhi na hela ya hospitali inapatikana. Shule zikifunguliwa Januari na sare imechakaa, matetea wawili wanaondoka. Siku nyingine zote mayai yanabaki nyumbani, kwa ajili ya watoto.

Lakini akiba hiyo inaweza kuyeyuka polepole bila mtu kuona. Vifaranga kumi na wawili wanaanguliwa, baada ya miezi miwili wamebaki watano, na hao watano ukiwashika ni wepesi kama pamba. Tetea aliyekuwa akitaga mayai kumi na tano kabla ya kuatamia, sasa anaishia saba. Hakuna aliyekufa ghafla wala aliyepinda shingo, kwa hiyo mdondo hautajwi. Jirani mmoja anasema ni upepo, mwingine anasema ni jicho baya. Mara nyingi ni minyoo.

Watafiti waliochunguza kuku wa kienyeji wa vijijini mkoani Morogoro, wakachapisha matokeo yao mwaka 1997, walikuta minyoo ya aina nyingi karibu kwa kila kuku. Kuku wa Kishapu, Kahama, Mbogwe au Chato nao wanazurura na kuparura jalalani vilevile. Mzazi achukulie kwamba wa kwake wanayo pia. Linalobaki ni kujua ni wakati gani minyoo imezidi, dawa itolewe vipi, na watoto wanaokula mayai ya kuku hao walindwe vipi.

Dalili za kuangalia

Kuku mkubwa mwenye minyoo michache anaweza asionyeshe lolote. Anakula, anataga, na kila siku anadondosha mayai ya minyoo uani. Wanaoumia zaidi ni vifaranga na kuku wadogo, hasa walio chini ya miezi mitatu, kwa sababu miili yao bado haijajenga kinga.

Mshike kuku jioni anapoingia kulala na upapase kidari chake. Mfupa wa kati ukichongoka kama kisu na nyama pembeni imekwisha, kuku huyo anakonda. Tazama upanga wa kichwani. Kama ulikuwa mwekundu na sasa umepauka, damu yake imepungua. Manyoya hayang'ai, mabawa yameshuka, anaharisha mara kwa mara, na pengine anakula sana bila kunenepa.

Angalia na kinyesi asubuhi. Vipande vidogo vyeupe vinavyofanana na punje za mchele ni dalili ya tegu, yaani minyoo bapa inayojikata vipande. Minyoo mviringo mikubwa haionekani mara kwa mara kwenye kinyesi. Hiyo utaiona siku ya kuchinja, utumbo ukipasuliwa: ni myeupe, mirefu kati ya sentimita 5 na 12, kama tambi zilizochemshwa. Ikiwa mingi inaweza kuuziba utumbo wa kuku mdogo mpaka akafa. Kuna mingine midogo inayokaa kwenye mifuko miwili ya mwisho wa utumbo, na mingine myembamba kama unywele ambayo ni vigumu kuiona kwa macho.

Kwa hiyo siku ya kuchinja ni siku ya uchunguzi. Kabla utumbo haujatupwa, mtu mzima aupasue kwa urefu juu ya kipande cha bati au gazeti na kuangalia ndani. Kisha ufukiwe. Katika familia nyingi utumbo huachiwa watoto waupasue na kuuchoma kwenye makaa. Ukikutwa na minyoo wasipewe, na mikono ya aliyeupasua ioshwe kwa sabuni.

Si kila kukonda ni minyoo

Vifaranga wanaoharisha damu mara nyingi wana koksidiosi, ugonjwa unaoletwa na vijidudu visivyo minyoo, na dawa ya minyoo haiwasaidii. Vifo vya ghafla vya kuku wengi kwa siku chache, kinyesi cha kijani, kuhema kwa shida na shingo kupinda ni dalili za mdondo, ambao wengine huuita kideri. Huo hauna tiba, una chanjo tu. Utitiri wanaokaa kwenye manyoya na nyufa za banda pia humnyonya kuku damu mpaka upanga ukapauka. Inua bawa, angalia chini yake na kuzunguka sehemu ya haja kabla ya kwenda kununua dawa.

Ukiwa na shaka, mwite ofisa mifugo wa kata. Akiona haja, anaweza kusaidia kupeleka sampuli ya kinyesi au kuku aliyekufa maabara. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA) una kituo Mwanza kinachohudumia mikoa ya Kanda ya Ziwa.

Minyoo inatoka wapi

Kuku mwenye minyoo mviringo anatoa mayai ya minyoo kwenye kinyesi. Mayai hayo ni madogo, hayaonekani kwa macho, na yakitoka siku hiyo bado hayaambukizi. Yakikuta udongo wenye joto na unyevu, ndani ya wiki mbili hivi kiluwiluwi kinakuwa tayari. Kuku mwingine anadonoa punje au mdudu mahali hapo na kumeza yai. Kiluwiluwi kinaanguliwa tumboni, kinajichimbia kwenye ukuta wa utumbo kwa siku kadhaa, kisha kinarudi ndani na kukua. Baada ya wiki tano hadi nane kinataga, na mzunguko unaanza upya. Mayai yaliyobaki kwenye udongo wenye kivuli na unyevu yanaweza kukaa miezi mingi yakisubiri.

Tegu wanapita njia nyingine. Kipande cha tegu kikidondoka, mayai yake huliwa na siafu, mbawakawa, konokono au wadudu wengine, na kuku akimla mdudu huyo anapata tegu. Ndiyo maana kuku anayezurura hawezi kukosa kabisa.

Hapo ndipo mvua inapoingia. Shinyanga ikiwa kavu, jua kali linaua mayai mengi ya minyoo yaliyo juu ya ardhi. Mvua zikianza, kwa kawaida kuelekea Novemba, ua unakuwa na unyevu, wadudu wanaongezeka, na vifaranga wa msimu huo wanakumbana na minyoo mingi kwa mara moja. Geita, yenye mvua nyingi zaidi, haipati kiangazi kirefu cha kusafisha ua.

Je, mtoto anaweza kuambukizwa?

Hili ndilo swali la wazazi wengi, na jibu lake linatuliza kwa upande mmoja na kuonya kwa upande mwingine.

Minyoo mviringo ya kuku haikai kwenye utumbo wa binadamu. Mtoto mwenye tumbo kubwa na minyoo hajaipata kwa kuku. Minyoo ya watoto, ambayo kina mama wengi huiita mchango, hutoka kwa binadamu mwenzake: kinyesi cha mtu kinaingia kwenye udongo, mikono, maji au mboga zisizooshwa. Safura huingia hata kupitia ngozi ya mguu usio na kiatu. Dawa yake hutolewa bure kwa watoto wa umri wa mwaka mmoja hadi miaka mitano pamoja na matone ya vitamini A, mara mbili kwa mwaka, na kwa wanafunzi kupitia shule. Kanda ya Ziwa wanafunzi hupewa pia dawa ya kichocho. Mzazi asikose siku hizo kwa kuwa tu ameshawapa kuku dawa. Ni minyoo tofauti.

Hatari ya kuku kwa mtoto ipo kwenye kinyesi. Kinyesi cha kuku, hata wa afya njema, hubeba bakteria kama salmonela na kampilobakta ambao huleta kuhara, homa na maumivu ya tumbo. Mtoto anayetambaa haujui uchafu. Watafiti waliokaa na kuwatazama watoto wadogo vijijini Zimbabwe waliwaona wakitia mdomoni udongo na hata kinyesi cha kuku. Kuhara kwa mara kwa mara, au utumbo unaochubuliwa polepole na bakteria bila mtoto kuharisha waziwazi, humzuia mtoto kunyonya chakula vizuri, na mwishowe hudumaa.

Mwaka 2016 watafiti wawili walichapisha uchambuzi kuhusu vijiji vya Ethiopia ambao kila mfugaji angefaa kuusikia. Watoto wa nyumba zenye kuku walielekea kuwa na urefu mzuri zaidi kwa umri wao kuliko wa nyumba zisizo na kuku. Lakini pale kuku walipolazwa ndani ya nyumba wanamolala watu, hali iligeuka, na watoto wa nyumba hizo walielekea kuwa wafupi zaidi. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi moja kwa moja kuwa kuku ndio chanzo, ila unaelekeza mahali pa kuanzia: fuga kuku, lakini walale kwao.

Kwa familia zilizopanga chumba kimoja Kahama mjini, Katoro au karibu na machimbo, hilo si jambo dogo. Kuku wanalazwa ndani kwa sababu ya wezi na vicheche, na sababu hizo ni za kweli. Njia ya kati ni kibanda kidogo cha mbao kilichoinuliwa kutoka ardhini, kilichoegemezwa ukuta wa nyumba upande wa dirisha la chumba cha kulala, chenye mlango wa kufuli. Sakafu yake iwe ya fito au mbao zenye nafasi ili kinyesi kidondoke chini. Kuku wakiacha kukanyaga kinyesi chao usiku kucha, minyoo nayo inapungua. Kazi moja inalinda kuku na mtoto.

Dawa: maswali ya kuuliza dukani

Dawa nyingi za minyoo ya kuku zipo kwenye maduka ya pembejeo na dawa za mifugo. Mazungumzo mazuri dukani yangekwenda hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Naomba dawa ya minyoo ya kuku."

"Kuku wangapi, mama? Na wanataga?"

"Matetea wanane wanataga, majogoo wawili, na vifaranga kama kumi na tano."

"Mayai mnauza au mnakula?"

Muuzaji asipouliza habari ya mayai, mama amuulize yeye. Maswali manne yanatosha: dawa hii inaua minyoo gani, kipimo chake ni kipi kwa uzito wa kuku wangu, inaruhusiwa kwa kuku wanaotaga, na mayai yasiliwe kwa siku ngapi. Majibu yote yanapaswa kuwa yameandikwa kwenye pakiti yenyewe. Dawa iliyopimwa kwenye kikaratasi, isiyo na jina wala tarehe ya mwisho wa matumizi, iachwe hapo hapo, hata kama ni ya bei rahisi. Dawa za mifugo, kama za binadamu, husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).

Dawa hazifanani. Piperazini, ambayo ni ya zamani na ya bei nafuu, huua minyoo mviringo mikubwa iliyokomaa lakini haigusi tegu. Levamisoli hufikia aina nyingi zaidi za minyoo mviringo, nayo haitoshi kwa tegu. Albendazoli na fenbendazoli zina wigo mpana zaidi. Kama uliona punje za mchele kwenye kinyesi, mwambie mtaalamu, kwa sababu dawa ya tegu huchaguliwa kwa makusudi. Wengi hununua piperazini mwaka mzima, tegu wanabaki, na wanahitimisha kwamba dawa za siku hizi ni feki.

Namna ya kuwapa

Kosa linalorudiwa na wengi ni kumwaga dawa kwenye maji, kuyaweka uani na kuendelea na kazi. Kuku wa kienyeji anakunywa popote: kwenye dimbwi, kwenye sufuria la vyombo, kwenye maji ya bombani. Anayehitaji dawa zaidi, yule dhaifu, anasukumwa pembeni na jogoo.

Siku ya dawa wafungiwe asubuhi, kabla hawajatoka. Wakae saa mbili tatu bila maji, ila si wakati wa jua kali. Kisha wapewe maji yenye dawa kiasi ambacho watamaliza ndani ya saa chache, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Tetea mmoja mkubwa hunywa kama robo lita kwa siku, zaidi kukiwa na joto, hivyo kuku kumi hawahitaji ndoo nzima. Ndoo nzima ina maana dawa imezimuliwa na kila kuku amepata kidogo. Dawa kidogo kidogo haiui minyoo, inaizoesha. Kuku dhaifu na vifaranga wapewe mmoja mmoja mdomoni kwa bomba la sindano lisilo na sindano.

Anayechanganya dawa anawe mikono kwa sabuni, na kopo la kuchanganyia lisirudi jikoni. Mama mjamzito amwachie mtu mwingine kazi hiyo, hasa dawa ikiwa albendazoli au fenbendazoli.

Dozi irudiwe baada ya wiki mbili hadi tatu. Viluwiluwi vilivyokuwa vimejichimbia kwenye ukuta wa utumbo siku ya kwanza vinaweza kuponea, na usiporudia vitakua na kuanza kutaga. Baada ya hapo, kila miezi mitatu inatosha kwa kuku wengi wa kuzurura, mara moja ikiwekwa mwanzoni mwa mvua.

Mayai ya siku za dawa

Dawa ikishaingia kwenye damu ya tetea, sehemu yake huingia kwenye yai. Ndiyo maana pakiti huandika muda wa kusubiri, yaani idadi ya siku ambazo mayai na nyama havipaswi kuliwa wala kuuzwa. Muda huo hutofautiana kati ya dawa na dawa, na hata kati ya kiwanda na kiwanda. Hesabu huanza siku ya mwisho ya dozi. Kuchemsha au kukaanga yai hakuondoi dawa yote.

Mtoto aliyekula yai moja kwa bahati mbaya hana haja ya kukimbizwa hospitali akiwa mzima. Shida ni mazoea. Mtoto wa miaka miwili ana mwili mdogo, na katika nyumba yenye kuku yeye ndiye anayepewa yai kila siku. Akilishwa mayai yenye mabaki ya dawa kila dawa inapotolewa, anapata kitu ambacho hakuna mtu aliyempimia.

Hapa ndipo vidonge vya binadamu vinapoleta tatizo. Baadhi ya wafugaji hununua albendazoli ya watu kwenye duka la dawa, wakaisaga na kuichanganya na pumba. Kidonge hicho hakina kipimo cha kuku na hakielezi mayai yasiliwe kwa siku ngapi. Kinyume chake ni kibaya zaidi: dawa ya mifugo isipewe mtoto hata tone, kwa hesabu yoyote ile ya kugawanya.

Wenye matetea wengi wanaweza kuepuka kukaa bila mayai kwa kuwagawa makundi mawili na kuwapa dawa kwa zamu, mradi mayai ya kundi la dawa yawekwe alama ya mkaa na yasichanganywe. Mwenye matetea watatu avumilie. Siku hizo mtoto apewe dagaa, maharage au karanga.

Na mbegu za papai?

Mbegu za papai, majani ya mwarobaini, shubiri na pilipili hutumiwa na wafugaji wengi. Si uzushi mtupu. Utomvu wa papai, kwa mfano, umewahi kujaribiwa kwa kuku na ukapunguza minyoo mviringo. Lakini nguvu ya mti hubadilika kwa msimu na mahali, na hakuna kipimo kimoja kinachotegemewa. Anayezipenda azitumie kama nyongeza kwa kuku wazima, si badala ya dawa kwa vifaranga wanaokufa.

Chakula kina nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Kuku anayepata protini na vitamini A anastahimili minyoo vizuri zaidi. Mboga za majani kama mchicha na matembele, vumbi la dagaa wa Ziwa Victoria linalobaki kwenye magunia, na mashudu ya alizeti ni vitu vinavyopatikana. Michembe mitupu na pumba za mahindi pekee hazitoshi.

Kwa familia zilizo karibu na machimbo

Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu, Mwakitolyo na maeneo mengine ya wachimbaji wadogo, kuku huzurura hadi kwenye mialo na marundo ya marudio. Kuku humeza changarawe ili kusaga chakula, kwa hiyo humeza na kilichomo. Zebaki, ambayo wachimbaji huiita mekyuri, hutumika kukamatia dhahabu na kisha huchomwa, mara nyingine ndani ya ua wa nyumba. Rwamgasa ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyochunguzwa miaka ya 2000 na mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki kwa wachimbaji wadogo. Mahali pengine marudio huchenjuliwa kwa sayanaidi.

Kuku anayekonda au kutetemeka karibu na mwalo huenda hana minyoo tu, na dawa ya minyoo haitaondoa sumu. Kuku aliyekufa ghafla baada ya kunywa maji ya kuchenjulia asiliwe na mtu wala mbwa. Achimbiwe mbali na kisima. Kwa kweli kuku yeyote aliyekufa mwenyewe ni kibudu, na kumpika vizuri hakumfanyi kuwa salama. Zungushia kuku eneo lao kwa matete, miiba au wavu mkuukuu, mbali na marudio. Zebaki isichomwe jikoni wala uani, na baba anayetoka mwaloni avue nguo za kazi kabla ya kumbeba mtoto.

Kazi ya ufagio na jua

Dawa peke yake ni kuteka maji kwa kikapu, kwa sababu kuku aliyetibiwa leo anarudi kwenye udongo ule ule kesho. Dawa nyingi za kuua wadudu haziui mayai ya minyoo, ila ukavu na jua vinayaua. Kinyesi kitolewe bandani kila siku au angalau mara mbili kwa wiki, na mwenye kukitoa asiwe mtoto mdogo. Kirundikwe kwenye shimo na kukaa miezi kadhaa kabla ya kutiwa kwenye bustani, na kinyesi kibichi kisimwagwe kwenye mchicha unaoliwa. Tandiko la pumba za mpunga libadilishwe linapoloa. Chakula na maji viwekwe kwenye vyombo, si chini. Dumu la lita 5 lililotobolewa pembeni linatosha.

Vifaranga watengwe na kuku wakubwa kwa wiki nane za mwanzo, kwa tenga au uzio mdogo, mahali ambapo wakubwa hawajachafua. Na wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kuku aliyetoka mnadani afungwe peke yake kwa wiki mbili, apewe dawa ya minyoo, aangaliwe kama ana utitiri au mdondo, ndipo aungane na wenzake.

Mwisho, dawa ya minyoo iende pamoja na chanjo. Chanjo ya mdondo ya matone ya jichoni, I-2, inayotengenezwa hapa nchini na TVLA na kustahimili joto kuliko chanjo nyingine za mdondo, hutolewa kila baada ya miezi mitatu. Kuku mwenye minyoo mingi hajengi kinga vizuri baada ya chanjo, hivyo dawa itangulie wiki mbili. Mama aandike kwenye daftari la mtoto wa shule au kwenye kalenda ya ukutani: tarehe ya dawa, siku ambayo mayai yanaruhusiwa tena, tarehe ya kurudia, tarehe ya chanjo. Kwa kawaida dawa ya kundi lote haifikii bei ya jogoo mmoja. Wakubaliane majirani kuchanja siku moja, kwa kuwa chupa moja ya chanjo ina dozi nyingi na kuku wao, wapende wasipende, wanaparura ua ule ule.